Mashine Haitaki Kompyuta Kali

Kompyuta inayoendesha mashine yangu ya kuchonga mbao hapa Kisumu, lau ingekuwa mtoto, sasa ingekuwa sekondari. Kasha limepasuka kona moja, feni hulia asubuhi mpaka ipate joto, na mgongoni ina tundu la printa la pini 25 ambalo vijana wanaopita karakana huniuliza ni la nini. Wateja wakiiona hunihurumia. Mmoja aliniletea laptopu ya mwanawe, mpya kabisa, akaniambia, "Fundi, tumia hii bwana, hiyo yako ni ya makumbusho." Niliipima mbele yake, nikamrudishia. Hakunielewa, na sikumlaumu, maana kila tangazo la kompyuta linatufundisha kwamba kompyuta nzuri ni ile yenye kasi. Mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, haijali kasi ya kompyuta hiyo. Inajali kama kompyuta inafika kwa wakati.

Mashine yenyewe ni ruta. Kuna meza ya chuma, daraja linalotembea juu yake mbele na nyuma, na juu ya daraja kuna spindo, yaani mota yenye biti ya kukatia mdomoni, inayokwenda kushoto na kulia, kupanda na kushuka. Fremu niliiunda pamoja na jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye banda lake na langu yanagawana ukuta mmoja wa mabati, si mbali na soko la Kibuye. Skrubu za gololi, reli, mota na draiva, visanduku vinavyozilisha mota umeme, viliagizwa nje. Vilivyobaki ni chuma cha hapa hapa. Kazi inayolipa kodi ya banda si ya kifahari: vibao vya milango ya ofisi, mimbari za makanisa, milango ya kabati yenye maua ambayo mama mwenye nyumba ameyaona kwenye simu na anayataka vivyo hivyo. Na zaidi ya yote, misalaba ya mazishi yenye jina na tarehe mbili. Msalaba huku kwetu huagizwa Jumatano na kutakiwa Ijumaa asubuhi, kabla gari halijatoka mochari. Hapo hakuna cha kumwambia mtu arudi wiki ijayo.

Wengi wanaotaka kuanza CNC hudhani ugumu uko kwenye kuchora. Kuchora ni kazi, lakini programu zipo tele na za bure: Inkscape kwa maua na herufi, FreeCAD kwa vitu vyenye vipimo, F-Engrave kwa maandishi ya kuchonga kwa biti ya V. Zote mwishowe hutoa faili ya maandishi tu, msimbo wa G, ambao mtu anaweza kuusoma kwa macho. G0 ni nenda haraka bila kukata. G1 ni nenda moja kwa moja ukikata. G2 na G3 ni pinda kama duara, upande huu au ule. M3 huwasha spindo, M5 huizima. Mtoto wa darasa la saba anayejua grafu ya X na Y ataufuata bila taabu.

Ugumu unaanza pale maandishi hayo yanapogeuzwa kuwa mapigo ya umeme yanayotoka kwenye lile tundu la printa kwenda kwa draiva. Mota ya stepa ya kawaida huzunguka mara moja kwa hatua 200. Draiva zangu zinagawa kila hatua mara 8, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mapigo 1,600. Skrubu ikizunguka mara moja inasogeza daraja milimita 5. Gawanya: mapigo 320 kwa kila milimita. Ukitaka biti itembee milimita 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa kwa mbao laini, hiyo ni milimita 50 kwa sekunde, yaani mapigo 16,000 kila sekunde. Pigo moja kila mikrosekunde 62.5. Kwa mota moja tu. Na mstari ukiwa wa mshazari, mota mbili lazima zipigiwe kwa kupatana, la sivyo mshazari unakuwa ngazi.

Sasa tuseme kompyuta imeshikwa na shughuli nyingine, ikachelewa mikrosekunde 300, kisha ikajitahidi kufidia. Mota iliyokuwa mbioni inakuta kimya, halafu inaamrishwa kuruka. Haiwezi. Inateleza hatua kadhaa na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, na kwa kuwa waya zinakwenda upande mmoja tu, kutoka kwa kompyuta hadi kwa mota, kompyuta haijui. Herufi zote zinazofuata zinasogea. Umewahi kuona kibao ambacho neno la mwisho limepanda kidogo juu ya mstari? Mara nyingi fundi hakukosea kuchora. Mapigo yalichelewa.

Kipimo nilichomfanyia yule mteja kinaitwa latency-test, na kinakuja ndani ya LinuxCNC, programu huria ya kuendesha mashine ninayoitumia juu ya mfumo wa Linux. Unaiwasha kompyuta kwa flashi bila kugusa diski yake, unafungua kipimo, halafu unaitesa mashine. Unafungua madirisha na kuyaburuta huku na huko, unanakili faili kubwa, unawasha glxgears mara kadhaa, ile programu ya gia tatu za rangi nyekundu, kijani na buluu zinazozunguka bila kazi yoyote. Kipimo kinaandika ucheleweshaji mkubwa kuliko wote uliotokea, kwa nanosekunde. Wastani hausaidii chochote hapa, kwa sababu kinachoharibu msalaba ni ule ucheleweshaji mmoja uliotokea saa nane mchana. Chini ya mikrosekunde 20, umepata mali. Kati ya 30 na 50 itafanya kazi, ila kasi ya juu itapungua. Ikifika 100, kompyuta hiyo isipewe kazi ya kupiga mapigo yenyewe. Ikipita milisekunde 1, iache kwa mwenyewe.

Ile laptopu ilikuwa inajikaza vizuri mpaka tulipochomoa chaja. Namba ikaruka hadi zaidi ya mikrosekunde 400. Kompyuta za kisasa, na laptopu hasa, zimeumbwa kubana umeme: prosesa inashusha kasi, inasinzia, inaamka. Mbaya zaidi, chini ya Linux kuna programu iliyofichwa kwenye mazabodi ambayo husimamisha kila kitu ili iangalie joto au betri, na haiombi ruhusa kwa mtu. Nyingine unaweza kuzituliza kwa kuingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, na kuzima ubanaji wa umeme, au kwa kutenga kiini kimoja cha prosesa kisifanye kazi nyingine. Nyingine haziguswi. Kompyuta ya mezani iliyotolewa kwenye ofisi fulani ya Ulaya baada ya kuchoka haina hila hizo nyingi. Inakula umeme, inatoa joto, inafika kwa wakati.

Kwa hiyo nanunua kompyuta kwa njia ambayo wauzaji wa mtumba pale Oginga Odinga Street waliiona ya kichaa mwanzoni. Naingia dukani na flashi mfukoni, naomba stima, nawasha gia.

"Boss, hizi gia ni za nini sasa?"

"Ni mtihani."

"Na ikianguka?"

"Inabaki na wewe."

Siku hizi kuna kijana mmoja huniwekea pembeni zile zenye tundu la printa, anaziita mashine za gia, na bei ameshaipandisha kidogo maana amejua kuna mtu anazitafuta. Ndiyo biashara.

LinuxCNC haikuanza kama mchezo wa watu wa gereji. Ilianzia kwenye taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia viwango na teknolojia, NIST, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiitwa EMC, na lengo lilikuwa kidhibiti ambacho viwanda vingi vingeweza kukitumia bila kufungwa na muuzaji mmoja. Kwa sheria ya Marekani kazi iliyoandikwa na wafanyakazi wa serikali kuu haina hakimiliki, hivyo msimbo ukawa mali ya kila mtu, watu wa kujitolea wakauchukua, wakauendeleza, na sasa unalindwa na leseni ya GPL, inayouacha huria. Upande wa Linux, kazi ya kuifanya itii wakati ilikwenda nje ya mkondo mkuu kwa takriban miaka 20, watu wakibeba viraka vyao vya msimbo kutoka toleo hadi toleo, mpaka 2024 ilipopokelewa rasmi ndani, ikatoka na toleo la 6.12 mwezi Novemba mwaka huo. Walioanza kabla ya hapo wanajua tulivyokuwa tukikesha na kiini cha Linux kilichogoma kuwaka.

Kuna jibu lingine kwa swali hilo hilo la wakati, na watu wengi Kenya wanaanzia huko. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norwe aliandika GRBL, programu inayokaa ndani ya Arduino Uno, bodi yenye chipu ya megahezi 16, kumbukumbu ya kilobaiti 32 ya kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu ya kufanyia kazi. Sonny Jeon aliibeba kwa miaka mingi baadaye. Ujanja wake ni kwamba chipu hiyo haina kazi nyingine duniani. Haifungui barua pepe, haisasishi chochote, haisinzii. Inapiga mapigo hadi 30,000 kwa sekunde kwa utulivu ambao laptopu ya laki moja haiupati. Laptopu nayo inabaki kuwa tarishi: inatuma mistari ya msimbo wa G kwa USB, na ikichelewa kidogo hakuna ubaya, kwa sababu bodi ina akiba.

Akiba hiyo ndiyo ya kuangalia, na hapa mwongozo wa watengenezaji wa mashine ndogo hausemi kitu. Bodi ina nafasi ya herufi 128 za kupokelea, na mpangaji wake wa mwendo anaona mbele vipande kama 15. Kwa mistari mirefu hiyo ni tele. Lakini chukua jina kwenye msalaba, lililochongwa kwa biti ya V ya digrii 60. Penye mstari wa herufi wenye upana wa milimita 6 biti lazima ishuke milimita 5.2, na herufi inapojibana biti inapanda, inaposambaa inashuka. F-Engrave hutoa hayo kwa vipande vifupi sana, tuseme milimita 0.1 kila kimoja. Vipande 15 ni milimita moja na nusu tu ya kuona mbele. GRBL ni mwangalifu: haikimbii kuliko inavyoweza kusimama ndani ya kile inachokiona. Ukiwa umeiwekea uongezaji kasi wa milimita 200 kwa sekunde kwa sekunde, hesabu inakupa mwendo wa milimita 24 hivi kwa sekunde, hata kama umeandika 50. Unaongeza namba kwenye programu, mashine haisikii, unadhani mota ni dhaifu. Mota haina kosa. Ongeza uvumilivu wa mchoro, yaani kosa dogo unaloliruhusu, ili vipande viwe virefu zaidi, au panda kwenye bodi za ESP32, zenye chipu ya nguvu zaidi na programu ya FluidNC, au hamia LinuxCNC.

Pamoja na hayo, mtu akiniuliza aanze na nini, namwambia GRBL. Mashine ndogo ya aina ya 3018, yenye eneo la milimita 300 kwa 180, itamfundisha kila kitu kwa pesa ya simu ya kati, na akivunja biti amevunja biti ndogo. Ninayo moja pembeni kwa ajili ya bodi za umeme na mihuri, na kijana wangu wa mazoezi ndiye bwana wake.

Sasa stima.

Kila mtu aliyewahi kuwa na CNC upande huu ameshajifunza kwamba stima ikipotea katikati ya kazi, mashine inasahau ilipo. Mota hazishiki tena, daraja linasogezwa na mkono wa mtu, na ikirudi hakuna anayejua sifuri, pale vipimo vinapoanzia, iko wapi. Dawa ya kwanza ni swichi za mpaka: unaiamuru mashine ikajigonge taratibu kwenye swichi zake, ipate pembe yake, na kwa kuwa sifuri ya kazi ilihifadhiwa, unaweza kuanzia mstari uliokatikia. Dawa ya pili ambayo kila mtu huifikiria ni UPS, betri inayoshika stima ikipotea. Na UPS ikiwekwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Fikiria. Kompyuta na draiva ziko kwenye UPS. Spindo ya kilowati 2.2 haiwezi kukaa kwenye UPS ya ofisi, kwa hiyo iko kwenye stima ya ukutani. Stima inapotea. Spindo inapunguza mzunguko, inasimama. Kompyuta, ikiwa hai na yenye furaha, inaendelea kuamuru mota zisukume biti isiyozunguka ndani ya mbao kwa mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika. Biti inavunjika kwa mlio wa bastola. Hilo lilitokea kwenye karakana ya rafiki yangu kule Kondele, na kipande cha kabaidi kilitoboa shati lililotundikwa ukutani.

Suluhisho linagharimu rilei moja, swichi inayovutwa na umeme, na waya mbili. Koili ya rilei inakaa kwenye stima ya ukutani. Stima ikiwapo, mguso wake unaunganisha pini ya 11 ya tundu la printa na ardhi ya bodi. Stima ikipotea mguso unaachia, pini inapanda juu, na LinuxCNC inaona mabadiliko. Iambie la kufanya kwa mstari mmoja:

net stima-imepotea parport.0.pin-11-in => motion.feed-inhibit halui.program.pause

Mstari huo umo kwenye faili ya HAL, ambayo ndiyo sehemu ya LinuxCNC ninayoipenda kuliko zote. HAL ni kama ubao wa waya, ila waya zake ni maandishi: hapa kuna pini inayoingia, pale kuna kitendo, katikati unaweka jina unalotaka wewe. Hilo "stima-imepotea" nimelibuni mimi, na kijana wangu akilisoma hahitaji maelezo. Angalia kwamba waya mmoja unakwenda sehemu mbili. Ya kwanza, feed-inhibit, inasimamisha mwendo papo hapo, lakini stima ikirudi inaachia papo hapo pia, na biti ingesonga kabla spindo haijapata kasi. Ndiyo maana kuna ya pili: program.pause inaiweka kazi kwenye mapumziko, na mapumziko hayaishi mpaka mtu abonyeze kuendelea. Waya ukikatika au panya akiutafuna, pini inapanda vilevile na mashine inasimama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye invata ya spindo, kifaa kinachoilisha umeme na kupanga kasi yake, nako kuna kipengele cha kuikataza isijiwashe yenyewe stima inaporudi. Kitafute kwenye kijitabu chake ukiweke, hata kama umechoka. Mkono wa mtu huwa karibu na biti wakati huo huo, anaangalia kama imevunjika.

Kwa GRBL inafanyika pia: pini ya A1 kwenye Arduino ni ya kusitisha mwendo, na ikiguswa na ardhi mashine inapunguza kasi taratibu na kusimama bila kupoteza hatua, kisha inangoja uiruhusu. Ila tumia mguso wa upande wa pili wa rilei, ule unaofunga stima ikipotea. Hapo waya ukikatika hutajulishwa, kwa hiyo uupime mara kwa mara.

Nikiwa bado kwenye umeme, wale wanaolalamika kwamba GRBL inawapa ALARM:1 bila sababu, yaani mashine inasema imegonga mpaka wakati haijagonga kitu: ni kelele ya invata inayoingia kwenye waya wa swichi. Tumia kebo yenye ngao kwa spindo, ngao iunganishwe na ardhi upande wa invata, waya za swichi zipite mbali nayo, na swichi ziwe za aina inayofunga muda wote na kufungua zikigongwa. Msinunue bodi mpya.

Kuna mambo ambayo programu haiwezi kuyajua hata ukiipenda vipi. Mvule, mti ambao wazee wa huku bado wanautaka kwa mlango wa mbele na kiti cha mwenyekiti wa kanisa, una tabia ya kutunza mawe. Si kwa mfano, ni mawe kabisa, madonge ya kalisi kaboneti yanayojijenga ndani ya shina. Kwa juu huoni kitu, labda mbao inayolizunguka donge iwe nyeusi kidogo. Biti ya kabaidi inayozunguka mara 18,000 kwa dakika ikikutana nalo, ama inamegeka, ama mota inakwama sekunde moja, inapoteza hatua, na tumerudi kwenye lile tatizo la neno la mwisho kupanda.

Mzee mmoja anayechonga kwa patasi na nyundo ya mti karibu na sisi alikuja kutazama siku tuliyokuwa na ubao wa namna hiyo. Aliuinamia, akaugonga kwa ukucha sehemu mbili tatu, akaweka alama kwa chaki. Biti ilipofika kwenye alama ya kwanza ililia. Akasema, "Kijana wangu, mashine yako haina masikio."

"Ni kweli, mzee. Yananunuliwa."

Akacheka, lakini nilikuwa namwambia ukweli. Kuna mota za stepa zenye kisimbaji nyuma, kifaa kinachosoma mota imezunguka kiasi gani, na draiva zake hujua mhimili ulipo hasa na ulipotakiwa kuwa. Tofauti ikizidi, draiva inatoa ishara ya hatari kwa waya wake. Ishara hiyo unaiingiza kwenye HAL kama ulivyoingiza stima, unaipa jina, unaielekeza kwenye kusimamisha kazi. Msalaba unasimama kwenye herufi iliyokwama, unabadilisha biti, unatafuta sifuri upya, unaendelea. Nimeanza kubadilisha mhimili mmoja mmoja kadiri pesa inavyopatikana, nikianza na ule unaobeba daraja.

Mwaka jana mwenye karakana kutoka Kakamega aliniita nimwangalizie mashine kubwa iliyokuwa imelala. Chuma kizuri, reli nzito, draiva nzima. Kilichokufa kilikuwa kisanduku cha udhibiti, au tuseme hakikufa: kilitaka kifaa kidogo cha leseni cha kuchomeka kwenye USB, kifaa kilikuwa kimepotea wakati wa kuhama, na aliyemuuzia alimwambia anunue kisanduku kipya kizima. Nilipofungua kabati ya umeme nilicheka peke yangu. Kutoka kwenye kisanduku hadi kwenye draiva kulikuwa na waya zile zile ninazozijua, pigo na mwelekeo, mara nne. Tulizichomoa, tukaziingiza kwenye bodi ya tundu la printa, kompyuta ya gia ikawekwa chini ya meza, na kufikia jioni mashine ilikuwa inatembea.

Jambo lililotuchukua muda ni vipimo vya mwendo, na hapa nina ugomvi na ushauri ninaouona kila mahali: eti amuru mashine itembee milimita 100, pima kwa vernia, kisha rekebisha namba ya mapigo mpaka vilingane. Kwa skrubu za gololi usifanye hivyo. Skrubu ya milimita 5 ni ya milimita 5. Kosa lako la kupima kwa vernia ni kubwa kuliko kosa la skrubu, na ukirekebisha unahamishia kosa la macho yako ndani ya mashine. Piga hesabu kutoka kwenye chuma na uiache. Mashine ya Kakamega ilikuwa ya meno: gia ya meno 20 ya moduli 1 (kipimo cha ukubwa wa jino) inayotambaa juu ya reli yenye meno, na mkanda wa kupunguza mara tatu. Mzunguko wa gia ni 20 mara pai, milimita 62.83. Mapigo 1,600 mara tatu ni 4,800. Gawanya, unapata 76.39 kwa milimita. Kwa meno na mikanda, ndiyo, pima baadaye, lakini pima kwa umbali wa mita moja na nusu kwa utepe wa chuma, siyo milimita 100.

Alitaka kunilipa pesa ya programu pia. Nilimweleza kwamba hiyo sina haki ya kuiuza peke yangu kana kwamba niliiandika, anilipe siku ya kazi na nauli. Alinikatia ndizi mkungu mzima juu yake.

Tatizo linalonikaa kichwani sasa ni pini. Tundu la printa lina pini 12 za kutoa na 5 tu za kupokea. Mipaka yote mitatu nimeifunga kwenye waya mmoja, kitufe cha dharura kina wake, stima ina wake, hatari ya mota ina wake, kipimo cha kugusa mbao kina wake. Zimeisha. Na yule kijana wa Oginga Odinga Street ananiambia mzigo unaokuja siku hizi hauna tundu hilo tena. Njia iliyopo ni kadi za Mesa, zinazounganishwa kwa kebo ya mtandao. Kadi ya 7i96S ina njia tano za pigo na mwelekeo, pini 11 za kupokea, 6 za kutoa, na chipu yake inapiga mapigo yenyewe. Kompyuta inabaki kuzungumza nayo mara 1,000 kwa sekunde tu, kwa hiyo hata ile iliyoanguka mtihani wangu kwa mikrosekunde 100 inaweza kurudi shuleni. Kadi inaagizwa nje, na kinachouma si bei yake bali gharama ya kusafirisha moja. Jamaa wa Kakamega amekubali tuagize mbili kwenye mzigo mmoja, na jirani yangu wa kuchomelea, ambaye ana mpango wa meza ya kukata chuma kwa plazima, anasema tuhesabu tatu.